Dawa za Kifafa na Damu ya Mzee

Dawa za kifafa zimewarudishia watu wengi afya na heshima yao, na ni vema jambo hilo litangulie, asije akatokea msikilizaji wa kutupa vidonge vyake mara baada ya mazungumzo haya. Mada ya leo ni madhara ambayo dawa hizo huweza kuleta katika damu, hasa damu ya mtu aliyevuka miaka 60. Madhara makubwa ya aina hii ni nadra. Wagonjwa wengi humeza vidonge vyao miaka nenda miaka rudi bila kuyapata. Lakini yanapotokea huweza kuondoa uhai, na dalili zake za mwanzo huonekana nyumbani, na mke, mume, mtoto au mjukuu anayeishi na mzee, kabla daktari hajaziona.

Maelezo yatapita katika hatua nne. Kwanza, kwa nini wazee wanatajwa peke yao. Pili, damu inavyotengenezwa na mahali dawa inapoweza kuingilia. Tatu, dawa moja moja na tabia yake. Nne, dalili za kuangaliwa na hatua za kuchukua.

Tuanze na la kwanza. Je, kifafa si ugonjwa wa watoto na vijana? Wengi huamini hivyo, lakini sivyo. Kifafa huanza zaidi katika vipindi viwili vya maisha: utotoni, halafu tena uzeeni. Baada ya miaka 60 idadi ya wanaoanza kuanguka hupanda upya, na sababu inayoongoza ni kiharusi. Presha isiyodhibitiwa huharibu mishipa ya ubongo, sehemu ya ubongo hufa, na kovu linalobaki huwa chanzo cha kifafa. Sababu nyingine ni uvimbe wa ubongo, kuumia kichwa, na magonjwa ya kupoteza kumbukumbu. Wapo pia wazee wasio na kifafa kabisa wanaotumia dawa hizihizi. Kabamazepini, inayojulikana sana kwa jina la Tegretol, hutuliza maumivu makali ya neva ya uso. Ilitengenezwa mwaka 1953 huko Basel, Uswisi, na mkemia Walter Schindler wa kampuni ya Geigy. Nchini Marekani iliruhusiwa kwanza kwa maumivu hayo ya uso, mwaka 1968, na kwa kifafa ikaruhusiwa mwaka 1974. Kwa hiyo mzee anaweza kuwa na dawa ya kifafa mkobani bila kujua kuwa ni ya kifafa.

Mwili wa mzee nao una mambo yake. Figo huchuja polepole, kwa hiyo dawa zinazotoka kwa mkojo hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Albumini, ile protini inayobeba dawa nyingi ndani ya damu, hupungua. Sehemu ya dawa isiyobebwa huwa kubwa zaidi, na sehemu hiyo ndiyo inayofanya kazi na ndiyo inayodhuru. Dozi iliyokuwa sawa kwa mtu wa miaka 40 huweza kuwa nzito kwa mtu wa miaka 75. Tena, mzee mara nyingi ana dawa nyingine: ya presha, ya kisukari, ya moyo, ya maumivu ya viungo. Kila dawa inayoongezwa huleta nafasi nyingine ya kugongana.

Hatua ya pili ni damu yenyewe. Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, katika uboho. Uboho ni kama kiwanda kinachofanya kazi usiku na mchana, na hutoa bidhaa tatu. Ya kwanza ni chembe nyekundu, zinazobeba hewa safi kutoka mapafuni. Ya pili ni chembe nyeupe, zinazopigana na vijidudu. Kati yake, zile ziitwazo neutrofili ndizo askari wa mwanzo dhidi ya bakteria. Ya tatu ni chembe sahani, vipande vidogo mno vinavyoziba jeraha ili damu isiendelee kumwagika.

Umri wa chembe hizi haulingani, na jambo hili linafaa kukumbukwa kwa sababu linaeleza dalili zote zitakazotajwa baadaye. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Chembe sahani huishi siku 7 hadi 10. Neutrofili hazidumu katika damu zaidi ya siku chache. Je, nini hutokea uboho ukisimama leo? Neutrofili huadimika upesi, na mgonjwa hushambuliwa na homa ndani ya siku chache. Chembe sahani hufuata, na damu huanza kutoka bila sababu. Upungufu wa chembe nyekundu huja mwishoni, polepole, kwa uchovu unaozidi wiki hadi wiki. Kwa hiyo anayesubiri mzee apauke ndipo ampeleke hospitali anaweza kuwa amechelewa.

Dawa huingilia damu kwa njia mbili, na kutofautisha njia hizo ndiyo shina la mazungumzo haya. Njia ya kwanza inafuata dozi: dawa ikizidi, au ikitumika muda mrefu, damu huathirika taratibu, na dozi ikipunguzwa hali hurekebika. Njia ya pili haifuati dozi. Mwili wa mtu mmoja kati ya maelfu huichukia dawa, kinga yake hugeuka, na huanza kushambulia uboho au chembe zilizokwisha kutengenezwa. Mtu huyo anaweza kupatwa kwa dozi ndogo kabisa, huku jirani yake anayetumia dozi mara tatu ya hiyo akiwa mzima. Njia ya kwanza hutabirika, kwa hiyo hufuatiliwa kwa vipimo. Njia ya pili haitabiriki, na kinga yake kubwa ni macho ya watu wa nyumbani.

Sasa hatua ya tatu: dawa moja moja. Tuanze na zile za zamani ambazo bado hupatikana katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki, fenobabitali na fenitoini. Fenobabitali ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, na fenitoini mwaka 1938. Ni dawa za bei nafuu na zimesaidia watu wengi mno. Athari yao ya kawaida katika damu ni kupunguza foleti, vitamini ambayo uboho huihitaji ili kukamilisha chembe nyekundu. Foleti ikiisha, uboho hutoa chembe kubwa kupita kiasi na chache, na mzee hupata upungufu wa damu. Hapa njia ni ile ya kwanza, ya taratibu. Anayekula mchicha, kisamvu, kunde, maharage na maini huwa na akiba nzuri zaidi, ingawa foleti hupotea mboga zikichemshwa muda mrefu na maji yake kumwagwa. Mzee asiye na meno, anayeishi kwa uji na chai, yumo hatarini zaidi.

Je, basi si rahisi kununua vidonge vya foliki, yaani foleti, dukani na kummezesha? Hapana, na sababu ni mbili. Kwanza, wazee wengi wana upungufu wa vitamini B12, hasa wanaotumia metformini kwa kisukari kwa miaka mingi. Foliki ikitolewa peke yake hurekebisha damu na kuficha upungufu wa B12, wakati neva zinaendelea kuharibika. Pili, foliki kwa wingi huweza kushusha kiwango cha fenitoini katika damu, na mgonjwa akaanza kuanguka tena. Vidonge hivyo vina faida kubwa, lakini vitolewe na mhudumu wa afya anayejua dawa zote za mgonjwa.

Dawa inayofuata ni kabamazepini. Kiasi cha mtu mmoja katika kila kumi wanaoianza hupungukiwa kidogo na chembe nyeupe, mara nyingi katika miezi mitatu ya mwanzo. Upungufu huo kwa kawaida ni mdogo, na kwa wengi hupita wenyewe huku dawa ikiendelea. Kinachoogopwa ni kitu kingine: uboho kuacha kabisa kutengeneza chembe. Katika watu wote kwa jumla, hali hiyo hukadiriwa kuwapata watu wapatao wawili katika kila milioni kwa mwaka. Kwa wanaotumia kabamazepini hukadiriwa kuwa mara 5 hadi 8 ya hapo. Hata ikizidishwa hivyo, bado ni watu wachache sana katika milioni nzima. Namba hii isimtie mtu hofu, imtie uangalifu.

Kabamazepini ina jambo jingine katika damu ya wazee, ambalo si nadra hata kidogo: hushusha sodiamu. Mzee anayetumia dawa hiyo pamoja na dawa ya presha ya kuongeza mkojo, kama hidroklorotiazidi au bendrofluazidi, anaweza kuishiwa chumvi ya damu, akachanganyikiwa, akayumba, akaanguka. Nyumbani watu husema kifafa kimezidi, na dozi huongezwa. Kumbe kuongeza dozi ni kuongeza tatizo. Ndugu yake kabamazepini, okskabazepini, naye ana tabia hiyohiyo.

Ya tatu ni valproeti, inayojulikana kwa wengi kama Epilim. Hii hugusa zaidi upande wa kuganda kwa damu. Kadiri dozi inavyopanda ndivyo chembe sahani zinavyoweza kupungua. Aidha huweza kupunguza fibrinojeni na ile protini iitwayo von Willebrand, ambazo zote zinahitajika ili damu igande. Mzee yumo hatarini zaidi kwa sababu ile iliyotajwa mwanzoni: albumini yake ni chache, kwa hiyo valproeti huru ni nyingi. Sasa fikirieni mzee aliyepata kiharusi kisha kifafa. Hupewa aspirini ili damu isigande tena mishipani, na hupewa valproeti ili asianguke. Aspirini huongeza kiasi cha valproeti huru katika damu, na yenyewe inazilegeza chembe sahani. Dawa mbili zote njema, kila moja ina sababu yake, lakini zikikutana mwilini zinataka kupimwa na kufuatiliwa. Anayetumia valproeti amwambie daktari wa meno kabla ya kung'olewa jino, na daktari wa upasuaji kabla ya kupasuliwa, ili damu ipimwe kwanza.

Dawa mpya zaidi, kama levetirasetamu na lamotrijini, kwa jumla hazisumbui sana damu, ingawa nazo hazikosi visa vya nadra. Levetirasetamu hutoka kwa figo, kwa hiyo dozi yake kwa mzee hupangwa kwa kuangalia figo kwanza. Kuhusu lamotrijini, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2018 kwamba kwa nadra sana huweza kuamsha kinga ya mwili kupita kiasi, ikashambulia damu, ini na viungo vingine, ikianza kwa homa na vipele.

Lipo pia tukio linaloweza kuletwa na dawa kadhaa za kundi hili: kabamazepini, fenitoini, fenobabitali na lamotrijini. Kwa kawaida hutokea kati ya wiki ya pili na ya nane tangu dawa ianze. Mgonjwa hupata homa, vipele mwili mzima, uso kuvimba na tezi kuvimba, na aina moja ya chembe nyeupe, eosinofili, huongezeka badala ya kupungua. Ini na figo huweza kuharibika. Aliyepatwa na hali hiyo kwa dawa moja huweza kupatwa tena akipewa nyingine ya ukoo uleule, kwa hiyo jina la dawa iliyomdhuru liandikwe kwa herufi kubwa kwenye daftari lake la kliniki.

Kabla ya kuacha orodha hii, inafaa kutaja dawa iitwayo felbameti. Iliruhusiwa Marekani mwaka 1993, ikasifiwa. Mwaka uliofuata taarifa zikafika za wagonjwa ambao uboho wao uliacha kufanya kazi, na madaktari wakaelekezwa waiondoe kwa wagonjwa wasioihitaji kwa lazima. Kwa nini haikujulikana mapema? Kwa sababu dhara linalompata mmoja kati ya maelfu halionekani mpaka maelfu waitumie, na halijulikani mpaka mtu atoe taarifa. Ndiyo maana taarifa ya mzee mmoja wa kijijini ina thamani. Tanzania ina Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na Kenya ina Bodi ya Famasia na Sumu; kazi mojawapo ya vyombo hivyo ni kupokea taarifa za madhara ya dawa, na mhudumu wa kituo cha afya anaweza kusaidia kuzifikisha.

Sasa hatua ya nne, na hii ndiyo ya kushikwa zaidi. Ni dalili zipi za kuangaliwa? Zinafuata aina tatu za chembe. Neutrofili zikipungua: homa, koo kuuma, vidonda vya kinywa, kikohozi kisichopona. Chembe sahani zikipungua: fizi kutoa damu wakati wa kupiga mswaki, damu ya pua isiyokoma, mavilio ya damu bila kugongwa popote, choo cheusi au mkojo wenye damu. Chembe nyekundu zikipungua: kuchoka kwa kazi ndogo, kuhema, moyo kwenda mbio, kizunguzungu.

Kwa ngozi nyeusi, dalili za damu hujificha. Madoa madogo mekundu ambayo vitabu vingi huonyesha kwenye ngozi nyeupe hayaonekani kirahisi mkononi wala mguuni. Yatafutwe ndani ya midomo, kwenye kaakaa na kwenye nyayo. Na weupe wa kukosa damu utafutwe ndani ya kope la chini, kwenye viganja na kwenye kucha. Na mzee mwenye chembe sahani chache akianguka na kugonga kichwa, apelekwe hospitali hata kama anasema hajaumia, kwa kuwa damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu.

Homa inahitaji neno la peke yake. Katika nchi zetu homa husomwa haraka kuwa malaria, na mara nyingi kweli huwa malaria. Malaria nayo hupunguza chembe sahani na chembe nyekundu, kwa hiyo mambo huchanganyika. Lakini mzee anayetumia dawa ya kifafa, hasa aliyeianza karibuni, akipata homa yenye vidonda vya kinywa au koo kuuma, kipimo cha malaria peke yake hakitoshi. Chembe za damu nazo zihesabiwe siku hiyohiyo.

Kipimo hicho cha kuhesabu chembe, ambacho maabara hukiandika FBP au CBC, hupatikana katika hospitali nyingi za wilaya na katika baadhi ya vituo vya afya. Kifanyike lini? Jibu la kwanza na la muhimu zaidi: kabla ya dawa kuanza. Mbona kabla? Kwa sababu watu wengi wenye asili ya Afrika, kusini mwa Sahara, wana neutrofili chache kuliko kiwango kilichochapwa kwenye fomu za maabara, na ni wazima kabisa. Ni hali ya kurithi, inayohusiana na ile ile tofauti ya damu iitwayo Duffy ambayo huwakinga na aina moja ya malaria, ile ya Plasmodium vivax. Mtu wa namna hiyo akipimwa mara ya kwanza akiwa tayari anatumia kabamazepini, huweza kuambiwa dawa inamdhuru, akanyang'anywa dawa inayomfaa. Kama kipimo cha mwanzo kipo, kinalinganishwa na cha pili, na ukweli huonekana mara moja. Baada ya hapo daktari hupanga vipimo vingine katika miezi ya mwanzo, dozi inapopanda, na wakati wowote dalili zinapotokea.

Je, dalili zikitokea, dawa iachwe? Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika. Kuacha ghafla dawa ya kifafa, hasa fenobabitali, huweza kuleta mfululizo wa degedege zisizokatika, na hizo huua upesi kuliko athari nyingi za damu. Mzee apelekwe hospitali siku hiyohiyo na dawa zake zote mkononi, na daktari ndiye ataamua dawa ipi iondolewe, ipi iwekwe badala yake, na kwa mwendo gani. Dawa zote, maana yake ni zote kweli: za hospitali, za duka la dawa, za mitishamba, na zile alizopewa na jirani. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aseme, kwa kuwa kabamazepini, fenitoini na fenobabitali huidhoofisha. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI aseme, kwa kuwa kabamazepini hushusha kiwango cha mojawapo ya dawa hizo, dolutegraviri. Anayemeza Septrin kila siku naye aseme, kwa kuwa nayo huweza kugusa foleti na uboho.

Kwa muhtasari, wasikilizaji, mambo ya kubaki nayo ni haya. Madhara makubwa ya dawa za kifafa katika damu ni nadra, na faida ya dawa kwa wagonjwa wengi ni kubwa kuliko hatari yake. Mzee apimwe damu kabla ya kuanza dawa, na karatasi ya majibu itunzwe kwenye daftari lake. Homa yenye vidonda vya kinywa, damu kutoka bila sababu, na uchovu unaozidi ni dalili za kwenda hospitali siku hiyohiyo. Dawa isiachwe nyumbani kwa uamuzi wa mgonjwa wala wa ndugu. Na kila dawa mpya inapoongezwa, anayeitoa aonyeshwe kwanza zile ambazo mzee tayari anazitumia.